Baba Bwana Harusi kwa Miguu Yake

Siku Mahfudh aliposema mbele ya ukoo mzima kwamba baba bwana harusi atapanda tuktuk, Mohdhar alikuwa na sambusa mdomoni, kwa hivyo hakuweza kujibu palepale. Ikabidi atafune kwanza. Na kutafuna kwenyewe kulimtoa jasho.

Walikuwa wamekaa mkekani nyumbani kwake Shika Adabu, wiki ile baada ya Idi ndogo, wakipanga harusi ya mwanawe Waleed. Mambo mengi yalikuwa yamepita bila ugomvi: mchele, mpishi, rangi ya leso za sare. Likabaki zefe. Na zefe la ukoo huu lina desturi yake: bwana harusi hutoka kwao kwa miguu, kwa matari na kasida, mpaka mlangoni kwa bibi harusi, na babake huwa kando yake mstari wa mbele kabisa. Bibi harusi kwao ni Timbwani. Kutoka Shika Adabu si mbali kwa mtu mwenye miguu. Mohdhar alikuwa nayo miwili mizima, lakini aliitumia kama watu wanavyotumia vyombo vya kabatini, sikukuu kwa sikukuu.

"Zefe lina mwendo, binamu," Mahfudh aliendelea. Alikuwa mwembamba kama mpini wa fagio, na maneno yake yalifagia vilevile. "Na weye mwendo wako, nisiseme. Juzi umetoka msalani kuja ukumbini, umepumzika njiani."

Watu wakacheka. Hata Tima, mkewe Mohdhar, aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Usione haya," Mahfudh akasema. "Nitakupambia tuktuk yenyewe, asumini mpaka kwenye usukani. Utakwenda nyuma ya zefe, pamoja na masufuria na Bibi Mwanarehema."

Bibi Mwanarehema, ambaye ni mzee kiasi cha kusahau mwaka aliozaliwa lakini masikio bado anayo, akainua kichwa kutoka pembeni. "Mimi simtaki huyo. Atanibana."

Hapo nyumba ikaanguka kwa kicheko. Waleed peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama babake kwa macho ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Mohdhar kuliko kicheko cha wote. Akaimeza sambusa.

"Wallahi," akasema, "nitampeleka mwanangu kwa miguu yangu. Mbele kabisa. Na sipandi tuktuk."

Basi likawa limesemwa. Kiapo mbele ya wazee hakirudi ndani, kama vile dawa ya meno ikishatoka. Harusi ilikuwa baada ya Idi kubwa.

Sasa, Mohdhar ni fundi wa kanzu, tena fundi kweli. Darizi yake ya shingoni watu huivukia feri. Lakini kazi yenyewe ni ya kukaa. Zamani alikuwa na cherehani ya kukanyaga, angalau mguu ukawa na ajira. Aliponunua ya umeme, mguu ukastaafu. Asubuhi alitoka kitandani hadi kwenye sinia, kutoka kwenye sinia hadi kwenye tuktuk ya jirani yake Garama, na tuktuk ikamshusha mlangoni mwa duka, karibu na soko la Likoni. Jioni safari ikarudi kinyumenyume. Hata kibiriti alikifuata kwa tuktuk. Miaka ikapita, na sukari ikaja, ikaja na mwenzake presha, wakakaa.

Kesho yake akaenda zahanati. Daktari pale ni Judy, binti wa Kigiriama mwenye sauti ya upole na macho ambayo hayadanganyiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nataka dawa ya kutembea."

"Dawa ya kutembea ni kutembea."

Mohdhar akangoja labda kuna nyingine. Hakukuwa na nyingine. Judy akamweleza taratibu: nyama za miguu zikifanya kazi hula sukari iliyo kwenye damu, na mtu asiyezitumia huiacha ile sukari izurure bila mlaji. Moyo nao hujifunza kusukuma bila kugombana na mishipa. Magoti yanauma kwa sababu hayapati mafuta, na goti halina mafuta mengine ila mwendo. "Na usingizi utakuja wenyewe," akasema. "Usiache vidonge. Anza kidogo, ongeza kidogo, lakini iwe kila siku. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Ukijiona unaweza kuhutubia, ongeza."

Mohdhar akanunua raba nyeupe. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, akatoka nazo chini ya kikoi, akapita mbele ya Garama aliyekuwa akiipangusa tuktuk yake. Garama akaitazama tuktuk, akamtazama Mohdhar, akaitazama tena tuktuk. "Baba Waleed, nimekukosea nini?"

Hakufika mbali. Pale kwenye kona hukaa Nyevu, muuza mahamri na mbaazi, mwanamke mpana wa moyo na wa mengineyo.

"Baba Waleed! Waenda wapi saa hizi kwa miguu?"

"Siendi mahali. Natembea tu."

Nyevu akaacha mwiko. Huku kwetu Likoni mtu anayetembea na hana aendako, ama amepotelewa na mbuzi, ama amegombana na mkewe. Na Mohdhar hakuwa na mbuzi. "Njoo ukae, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya msiba. "Unywe chai. Haya mambo ya nyumbani hupita."

"Starehe, Nyevu. Mimi sina neno na mtu."

"Wote husema hivyo. Kaa."

Akakaa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hamri la moto la mwenye kukuonea huruma halikataliki. Na mbele yake kulikuwa na baraza nyingine, na nyingine. Kila baraza ina watu, na kila mtu amesikia Waleed anaoa, na kila aliyesikia anataka kuzisikia habari kwa baba mwenyewe, akiwa ameketi, akiwa na kikombe. Kwa siku za kawaida "starehe" ingetosha kukataa kwa adabu. Lakini baba bwana harusi akisema starehe, mchana wake utasikia: Mohdhar siku hizi ana kiburi, hajawa hata mkwe wa mtu. Basi huku kahawa na halua, kule viazi vya karai, kwa yule mahamri tena, kwa sababu ni ya mkono wa mama mkwe wake na lazima uyasifu. Akirudi nyumbani anamkuta Tima ameandaa sinia, na anakula lote bila aibu, maana ametembea.

Aliporudi zahanati alikwenda kwa maringo. Akavua raba, akapanda mizani, akatabasamu kama anapigwa picha. Judy akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Mzee, mfukoni kuna kitu?"

"Tasbihi."

"Ya chuma?"

Sukari pia ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Judy akamuuliza anapita wapi, na Mohdhar, ambaye hajui kusema uongo akiwa na soksi tu, akamsimulia njia yote, baraza kwa baraza, hadi ladha ya halua. Judy akaweka kalamu chini. Akajizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka machozi. Alipomaliza akajifuta, na uso ukarudi kuwa wa daktari.

"Mzee, hiyo si safari ya miguu. Hiyo ni karamu yenye vituo. Ukiendelea hivi, siku ya harusi hata kwenye hiyo tuktuk utapandishwa na watu."

Mohdhar akarudi nyumbani. Tima aliona kwamba chakula kimebaki, akajua. Usiku kucha Mohdhar aliwaza jambo moja: kwenda kwa Mahfudh na kumwambia asumini ziwe nyingi.

Asubuhi akatoka kwa mazoea tu, kichwa chini. Kwa Nyevu akakubali chai kavu isiyo na sukari, akainuka aende zake. Na Nyevu, kama mtu yeyote aliyelelewa, akainuka pia. Karai akamwachia bintiye, akamsindikiza mgeni wake. Kumsindikiza mtu ni hatua chache mpaka njiani, lakini Nyevu alikuwa ameanza kisa cha wifi yake wa Kisauni, na kisa kile kilikuwa kirefu kuliko njia. Wifi akaingia na jiko la mtu, wifi akatoka na pazia la mtu. Nyevu anasimulia, mikono inasimulia, miguu inakwenda yenyewe. Wakapita baraza ya kwanza. Watu wakafungua mdomo kusema karibu, lakini nani atamkatiza Nyevu? Wakapita ya pili. Kisa kilipokwisha, Nyevu akasimama ghafla, mkono kiunoni, jasho likimtiririka.

"Ala! Mbona nimefika huku?"

Mohdhar akageuka nyuma. Baraza zote zile zilikuwa kule, na tumboni mwake hamkuwa na kitu ila chai kavu. Akabaki katikati ya njia ameduwaa, mfano wa mtu aliyekumbuka alikoficha dhahabu.

Desturi ndiyo iliyomnenepesha, lakini alikuwa akiitumia nusu yake tu. Nusu moja inasema mgeni akaribishwe. Na ile nusu nyingine?

Kesho yake, baraza ya kwanza: "Baba Waleed, karibu kahawa!"

"Nimekaribia, nimeshukuru, naondoka," Mohdhar akajibu kwa mkupuo mmoja. "Nisindikize."

Mwenye kahawa akabaki na kikombe hewani. Utamkatalia vipi mtu kumsindikiza? Tena baba bwana harusi, na kadi za mwaliko hazijagawanywa? Akatafuta ndara zake kwa vidole vya mguu, akafuata. Walipofika baraza ya pili, yule wa pili akaitwa vilevile, na yule wa kwanza akaona haya kurudi mwenzake akiendelea. Wakawa watatu. Baada ya siku chache wakawa kundi. Wenye presha, wenye kiuno, wenye wake waliochoka kuwaona barazani. Nyevu akawa hakosi, visa vyake ndivyo vilivyokuwa vikiwavuta kwenye vilima. Garama naye akaja, analalamika: "Baba Waleed, abiria wangu wote umewachukua, sasa nimpakie nani? Afadhali nitembee na miye, mgongo wenyewe umekauka kwa kukaa." Mahfudh akawapa jina, Jeshi la Sukari. Wakalipenda.

Mwanzoni Mohdhar alikuwa wa mwisho, akihema kama pampu ya baiskeli. Halafu siku moja akajikuta katikati. Magoti, ambayo kila asubuhi yalikuwa yakimsalimia kabla ya mkewe, yakaanza kusahau. Kanzu aliyojikatia ya harusi akaipunguza ubavuni, kisha akaifumua akaipunguza tena, huku akiikaripia kama kosa ni la kitambaa. Na alfajiri moja Tima alimgusa begani kwa hofu.

"Kuna nini?"

"Hukoromi siku hizi," Tima akasema. "Nilidhani umeniacha mjane."

Kwa Judy mizani ikasema kweli, na sukari ikawa imeshuka, na presha nyuma yake. Judy hakushangilia sana, si kawaida yake. Alisema tu, "Vidonge uendelee navyo. Na hiyo njia yako, nataka nije niione."

Mahfudh ndiye aliyekuwa hajaamini. Asubuhi moja alilingoja jeshi pale kwenye kona, amesimama kando ya tuktuk aliyoipamba maua ya plastiki mbele, nyuma na kwenye vioo.

"Binamu! Gari limefika. Jaribu kiti, tusije tukabomoa mali ya watu siku yenyewe."

Watu wakamtazama Mohdhar. Mohdhar akaizunguka ile tuktuk, akanusa ua moja la plastiki.

"Mashallah. Umejisumbua, binamu. Sasa nisindikize."

Mbele ya watu wote. Mahfudh akacheka, akautegemea wembamba wake, akatia mikono nyuma, akaondoka nao kama bwana shamba anayekagua mihogo. Mpaka kilima cha kwanza alikuwa na maneno. Kwenye kilima cha pili maneno yakapungua. Cha tatu akanyamaza, jambo ambalo ukoo ule haukuwahi kulishuhudia tangu azaliwe. Unene alikuwa hana, ni kweli. Lakini ndani ya ule mpini wa fagio mlikuwa na sigara za miaka mingi na baraza za miaka mingi, na sasa vyote vilikuwa vikipiga filimbi kifuani.

Mohdhar akapunguza mwendo, akamshika kiwiko. "Pole pole, binamu. Ukiona unaweza kuhutubia, tutaongeza."

"Usimwambie... mtu," Mahfudh akasema.

"Nimwambie nani? Wote wako hapa."

Idi kubwa ikaja, ikapita, na siku ikafika.

Zefe lilitoka Shika Adabu baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado lina hasira. Matari mbele, kasida juu yake, udi ukifuka, kanzu nyeupe zimejaa njia. Waleed alikuwa kwenye joho, kilemba kimekaa sawa, na kando yake, mkono wa kulia, alikuwa babake. Nyuma kabisa Garama alikuja na tuktuk kwa mwendo wa kinyonga, amebeba masufuria na Bibi Mwanarehema, ambaye alikuwa amejinyoosha apendavyo na akitoa kichwa nje kila mara: "Nyinyi huko mbele, mbona mwalala?"

Tima alitembea na wanawake, lakini jicho lilikuwa kwenye ile kanzu moja. Alijua mahali pa kuogopa. Ni pale unapovuka barabara kuu ya Ukunda, halafu njia inaanza kupanda, na jua unalo kisogoni. Pale ndipo, harusi ya mpwa wao miaka iliyopita, Mohdhar aliposhika ukuta wa mtu na kuomba kiti.

Wakavuka. Njia ikapanda. Wapiga matari wakapunguza. Vijana rafiki zake Waleed, waliovaa viatu vipya kwa ajili ya picha, wakaanza kutembea kwa visigino. Mahfudh alikuwa amejikita mstari wa tatu, anakwenda kwa ushindani tu. Tima akaiona kanzu ikiinama. Akasukuma watu, akapenya mpaka karibu.

Kumbe Mohdhar alikuwa ameinama kumsikiliza mwanawe.

"Baba," Waleed alikuwa akisema, jasho likimchuruzika chini ya kilemba, "joho zito. Tupunguze kidogo."

"Shika mkono wangu."

"Wewe huchoki?"

"Nimechoka," Mohdhar akasema. "Lakini nina pumzi nyingine. Shika."

Waleed akashika. Macho yaliyomtazama baba siku ile ya mkeka hayakuwemo tena. Haya yalikuwa ya kijana aliyeshikwa mkono na mtu anayeijua njia. Mohdhar akageuka kwa wapiga matari, akainua mkono wa pili juu. "Waungwana! Mmekuja kuoza au kuzika? Pigeni!"

Matari yakapasuka upya. Jeshi la Sukari, lote lilikuwepo, kutoka mwenye kahawa hadi Nyevu aliyefunga leso mbili, likasogea mbele likaishika kasida, na zefe likapanda kile kilima kama maji yanayoshuka.

Mlango wa Timbwani walikuta umefungwa, kama desturi inavyotaka. Mbele yake amesimama Zuleikha, shangazi yake bibi harusi, mikono kiunoni, na nyuma yake safu ya wanawake wenye vijembe tayari. Mlango haufunguliwi mpaka mkubwa wa upande wa bwana harusi aimbe kasida ya kuomba njia, kwa sauti yake mwenyewe, wanawake waridhike.

"Karibuni, karibuni," Zuleikha akasema. "Lakini tumesikia baba mtu ni mgonjwa. Ati amekuja kwa tuktuk. Haya, nani atatuimbia? Huyu?" Akamwonyesha Mahfudh, aliyekuwa ameegemea nguzo ya stima, akitafuta pumzi zake moja moja. Wanawake wakacheka.

Mohdhar akasogea hatua moja mbele. Vumbi la njia nzima lilikuwa kwenye raba zake. Akavuta pumzi, na ile pumzi ikaingia, ikaendelea kuingia, mpaka mahali ambapo kwa miaka mingi haikuwa ikifika. Kisha akaitoa kwa kasida.

Ilikuwa ile ya zamani, ya kuomba mlango, ambayo babake aliiimba siku Mohdhar mwenyewe alipooa. Sauti yake haikuwa ya kupendeza sana, tuseme ukweli. Lakini ilikuwa ndefu. Ilipanda, ikakaa juu, ikakataa kushuka. Wapiga matari wakaacha mikono hewani wamsikilize. Ubeti wa kwanza ukaisha akaunga wa pili bila kupumzika. Zuleikha akataka kutupa kijembe kingine, akakosa pa kukipenyeza. Tima, katikati ya wanawake, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na leso yake haikujua ifute lipi.

Alipofika ubeti wa mwisho, Zuleikha mwenyewe aliondoa mikono kiunoni, akaipeleka mdomoni, na kigelegele alichokipiga nadhani walikisikia mpaka waliokuwa kwenye feri. Wenziwe wakakidaka. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka pande zote mbili, na Mohdhar akavuka kizingiti na mwanawe mkononi, kichwa juu, hahemi zaidi ya mtu aliyetoka chumba kimoja kuingia kingine.

Nyuma yake, kutoka kwenye nguzo ya stima, Mahfudh akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo.

"Mwamwona yule?" akawapigia kelele watu wa Timbwani, kwa majivuno ya mtu aliyebuni jambo lote lile mwenyewe. "Yule ni binamu yangu!"